Ufunguo Uko kwa Nani? Siku nane kati ya Iringa na Kyela kabla ya mvua

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Iringa mjini

Nimeshuka Igumbilo jioni, nikitokea Mbeya kwa basi, na kabla sijalala ni vema nieleze kilichonitoa nyumbani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia na mjumbe wa kamati ya maafa ya kata mojawapo ya Jiji la Mbeya. Aprili mwaka huu, usiku wa mvua kubwa, maji ya mlimani yaliingia katika nyumba za mtaa wetu wa bondeni, na watu, wakiufuata mpango ambao sisi wenyewe tuliuandika na kuwasomea mkutanoni, walikimbilia shule iliyotajwa humo kuwa mahali pa kujihifadhi. Waliikuta imefungwa kwa kufuli. Mlinzi hakuwapo, mwalimu mkuu anaishi upande wa pili wa jiji, na simu zao zote mbili hazikupatikana. Kina mama walisimama barazani hadi alfajiri, watoto wakiwa mgongoni.

Mpango wetu ulikuwa na kurasa 32. Una ramani, una jedwali la majukumu, una dibaji inayoitaja Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, ambayo inataka kamati ziwepo kuanzia taifa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema ufunguo wa shule hukaa kwa nani.

Sasa nimepewa kazi ya kuuandika upya kabla mvua hazijashika kasi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini msimu wa mvua ni mmoja tu, Novemba hadi Aprili, na Kyela huvuka hata Mei, kwa hiyo muda uliobaki ni mfupi. Niliwaomba wenzangu wanipe siku nane niwatembelee watu wanaoishi na mafuriko, moto na maporomoko, niwaulize wanafanyaje. Nauli nimejilipia mwenyewe, jambo ambalo mke wangu amelisema mara tatu.

Jumanne, 5 Novemba. Pawaga

Kutoka Iringa kwenda Pawaga gari huteremka mpaka masikio yanaziba, na baridi ya mjini inageuka joto ambalo lilinifanya nivue koti kabla ya kufika chini. Mteremko huo ndio habari yenyewe. Mto Ruaha Mdogo hupita Iringa mjini pale Ipogolo ukiwa na maji ya milima ya juu, kisha unashuka kuja kuungana na Ruaha Mkuu katika tambarare hii ya mpunga. Mvua ikinyesha sana huko juu, Pawaga huweza kupata mafuriko mchana wa jua kali, bila tone moja kudondoka hapa.

Nilipelekwa kwenye banio, yaani ule ukuta unaoinua maji ya mto yaingie kwenye mfereji wa skimu ya umwagiliaji. Mlinzi wa banio ni kijana wa miaka thelathini hivi, na baada ya kusalimiana kwa “kamwene” nilimwuliza anajuaje kwamba mto unakuja. Hakunitajia kipimo chochote.

“Mwalimu, kwanza maji yanabadilika rangi, yanakuwa kama chai ya maziwa. Halafu yanaleta majani makavu na povu. Magogo yakianza kupita, hapo umeshachelewa.”

Rangi ikibadilika anawapigia simu watu watatu: mwenyekiti wa umoja wa watumia maji, mtu mmoja wa kitongoji cha chini kabisa, na mchungaji mmoja wa mifugo ambaye huwa na ng'ombe kando ya mto. Niliuliza kwa nini watatu na si kumi. Alisema kwamba vocha ni yake na kwamba kila mmoja wa hao watatu ana watu wake. Niliandika maneno hayo kwenye daftari jinsi alivyoyasema, kwa sababu mpango wetu una orodha ya namba 41 ambazo mtu mmoja anatakiwa azipigie zote, usiku, kwenye mvua, kwa vocha ambayo haikutajwa itatoka wapi.

Banio lina malango ya chuma yanayofunguliwa kwa mtaimbo maalumu. Mtaimbo huo umetundikwa nyumbani kwake, na mwingine uko kwa jirani. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Jumatano, 6 Novemba. Mafinga

Leo habari ni moto. Shamba la miti la Sao Hill, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndilo kubwa kuliko yote ya Serikali nchini, lenye eneo linalozidi hekta 130,000, na kulizunguka kuna maelfu ya watu binafsi waliopanda misindano na milingoti kama akiba ya ada na mahari. Kuanzia Julai nyasi hukauka, upepo wa Mufindi huvuma bila kupumzika, na moto wa mtu mmoja anayesafisha shamba au kurina asali huweza kuteketeza miti ya miaka kumi na mitano kwa mchana mmoja. Wenyewe huuita moto kichaa, na jina hilo linaufaa, kwa kuwa huruka barabara kwa cheche na kugeuka na upepo.

Katika kijiji nilichofikia, kamati ya mazingira ina chumba cha vifaa: mapanga, mabeleshi, madumu, na fito zenye vipande vya mpira wa gurudumu za kupigia moto. Mlangoni kuna ubao wa zamu wenye jina la mwenye ufunguo wiki hii, na jina la wiki ijayo chini yake. Mabadilishano hufanyika Jumapili baada ya ibada, mbele za watu. Mzee aliyenionyesha ubao huo alikiri kwamba utaratibu haukuzaliwa kwa busara bali kwa hasara, kwani mwaka mmoja mwenye ufunguo alikuwa msibani wilaya nyingine wakati moto unapanda kilima.

Alinieleza pia juu ya njia za kuzuia moto, yaani ukanda unaosafishwa mpaka udongo uonekane, na juu ya uchomaji wa mapema, ambao hufanywa wakati nyasi bado zina unyevu ili msimu wa hatari ukute hakuna cha kuungua. Ni kazi ya Mei na Juni, wakati ambapo hakuna mtu anayefikiria moto. Nadhani ndiyo maana watu wengi hawaifanyi.

Alhamisi, 7 Novemba. Njiani

Mafinga hadi Mbeya, kutwa nzima dirishani. Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi. Upande wa kulia tambarare ya Usangu, upande wa kushoto ukuta wa milima. Barabara hii kuu ya Zambia ndiyo inayotuletea mafuta, dawa na sementi, na reli ya TAZARA hupita karibu nayo sehemu kubwa ya njia. Sijawahi kusikia kikao cha wilaya au cha mkoa kikijiuliza reli hiyo itabeba nini na kwa utaratibu gani siku kalavati moja la barabara litakapokatika, ingawa huenda wamejiuliza mimi nikiwa sipo. Nimefika Uyole giza limeingia. Kuna manyunyu.

Ijumaa, 8 Novemba. Itezi, Mbeya

Nimelala kwangu, na asubuhi nimekwenda kutazama kile ambacho kila mkazi wa jiji hili alikwenda kukitazama Aprili, nikakitazama mara hii bila haraka. Katikati ya Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetere ilimeguka, na tope, mawe na miti vikashuka hadi kata ya Itezi, vikafunika nyumba na majengo ya shule. Kovu bado linaonekana mlimani, jekundu katikati ya kijani.

Miezi minne tu kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba 2023, Mlima Hanang ulikuwa umefanya jambo la namna hiyohiyo kwa mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Tulizisikia habari hizo redioni, tukachangia nguo na unga, na nadhani wengi wetu tulizihesabu kuwa habari za Manyara.

Nilifundisha jambo hili kwa miaka mingi kwa chaki, nikichora pembetatu na mishale. Udongo wa mteremko hushikiliwa na msuguano kati ya chembe zake na mwamba ulio chini. Mvua ya siku moja huloanisha juu tu, lakini mvua ya wiki kadhaa huingia ndani, hujaza nafasi zote kati ya chembe, huongeza uzito na wakati huohuo hupunguza ule msuguano, na siku inayofika mvua nyingine, hata kama si kubwa kuliko zilizopita, mlima hushindwa kujishikilia. Anayekata ukingo wa kilima ili apate kiwanja tambarare huondoa kile kilichokuwa kinaegemewa. Anayefyeka miti huondoa mizizi iliyokuwa inashona udongo. Jirani anayetupa taka mtaroni hufanya maji yatafute njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni chini ya msingi wa nyumba ya mtu.

Dalili zipo, na zinaweza kusomwa na mtu yeyote: nyufa mpya ardhini juu ya mteremko, nguzo za umeme au miti iliyoinama kuelekea bondeni, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao sasa unakwama, chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwapo. Ile ninayoiogopa kuliko zote ni kijito kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Watu hufurahi wakidhani maji yamekwisha, kumbe huko juu kuna kitu kimeziba, na kizuizi hicho hakitadumu.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi karibu na njia alinisikia nikiongea na kijana niliyekuwa naye, akaniuliza, “Sasa baba, hizo nyufa nikiziona nimwambie nani?”

Nikamjibu kwamba amwambie mwenyekiti wa mtaa. Akacheka. Tarehe 27 mwezi huu ni uchaguzi wa serikali za mitaa, na yule tuliyemzoea amekwisha kumaliza muda wake. Katika mpango wetu, namba za simu zote ni za watu kwa majina yao, na baada ya wiki tatu nusu ya majina hayo itakuwa ya watu wasio na ofisi. Nimeamua kwamba rasimu mpya itakuwa na ukurasa mmoja wa namba, wa kubandikwa na kubanduliwa, wenye tarehe ya kuandikwa juu yake. Namba ambayo haitabadilika kwa uchaguzi ni 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nayo nimeiweka ya kwanza.

Jioni nilikaa na wajumbe wawili tukapitia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Rangi tunazijua: njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Tulichogundua ni kwamba hatujawahi kukubaliana rangi ipi inamtoa nani kitandani. Taarifa hufika kwenye kundi la simu la kata, watu huweka alama ya kidole gumba, na hapo huishia. Mjumbe mmoja alipendekeza kwamba rangi ya chungwa ikitoka, darasa lifunguliwe jioni hiyohiyo, mvua inyeshe au isinyeshe. Mwingine akasema tutawachosha watu, kwamba mara ya tatu bila mvua hakuna atakayekuja. Wote wawili wana haki, na hatukumaliza.

Jumamosi, 9 Novemba. Tukuyu

Kilometa 70 hivi za kupanda na kushuka kati ya migomba, chai na viazi. Nimefikia kwa shemeji yangu, ambaye alinipokea kwa “ugonile” na sahani ya ndizi, akasema kwamba mtu mzima anayezunguka akiulizia maafa atayapata.

Hapa ardhi yenyewe ni zao la maafa ya kale. Mabonde ya ufa yanayotoka Rukwa, Nyasa na Usangu hukutana katika eneo hili, na kutokana na makutano hayo kuna Mlima Rungwe, ziwa la kreta la Ngozi, na Kyejo, volkano ndogo ambayo kwa masimulizi ya wazee ilitoa lava mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Rutuba inayolisha wilaya ilitoka humo. Tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 katika eneo la Rukwa, lenye kipimo cha 7.4, ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kurekodiwa barani Afrika, na Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulivunja nyumba Karonga, ng'ambo ya mpaka tu, upande wa Malawi. Tetemeko halina utabiri wa siku na saa. Lina ujenzi tu: nguzo, linta inayozunguka nyumba yote, na saruji isiyopunjwa. Shemeji yangu ni fundi mwashi, na niliona uso wake nilipotaja neno la mwisho.

Kuna hatari nyingine ya huku ambayo haimo katika mpango wowote niliowahi kuusoma. Katika baadhi ya mabonde ya kuzunguka volkano hizi hutoka ardhini gesi ya kabonidayoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, iliyo nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini shimoni kama maji, hasa asubuhi kusipokuwa na upepo. Ndege na wanyama wadogo hukutwa wamekufa. Wenyeji wanayajua maeneo hayo na hawalazi mifugo huko. Mwaka 1986, Agosti 21, gesi hiyohiyo ilitoka kwa wingi usiku katika Ziwa Nyos huko Kameruni na kuua watu wapatao 1,700. Silifananishi Ngozi na Nyos; nasema tu kwamba elimu ya mchunga mbuzi wa Rungwe, kwamba usishuke shimoni palipo na ndege waliokufa, inastahili nafasi katika karatasi za kata za huku.

Mchana nilisimama kwenye daraja moja nikatazama mbao za kupimia kina cha maji, zile zilizochorwa namba kama rula. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina makao yake hapa Tukuyu, na mito mitatu kati ya ile inayoisumbua Kyela, yaani Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inakusanya maji katika milima hii ya juu. Nilisoma namba, nikaiandika, kisha nikajiuliza mtu wa Kyela angeipata kwa njia gani saa nane za usiku.

Jumapili, 10 Novemba. Kyela

Jibu la swali la jana nililipata ndani ya Coaster, kabla hata ya kufika. Mama aliyekaa karibu nami ana mikungu ya ndizi juu ya gari na viazi chini ya viti. Huteremka Kyela mara tatu kwa wiki kuuza, na hurudi na mchele. Nilipomweleza safari yangu alisema bila kujisifu kwamba yeye ndiye huwaambia.

“Mvua ikinyesha kwetu tangu mchana bila kukata, napiga kwa wateja wangu wa kule chini. Wana deni langu, baba. Wakisombwa nitamdai nani?”

Alinihesabia kina mama sita wa Tukuyu wanaofanya hivyo, kila mmoja akiwa na wateja wake katika vijiji tofauti. Kati ya Tukuyu na Kyela kuna kilometa kama 50 na mteremko wa zaidi ya meta 1,000, na mafuriko huchukua saa kadhaa kuteremka. Simu huchukua muda mfupi kuliko huo. Sijui kamati yoyote iliyopata kuwaandika kina mama hawa popote, na nilipomwuliza kama angekubali namba yake iwekwe katika mpango wa kata ya Kyela, alifikiri kwanza, akauliza kama kutakuwa na kodi.

Kyela ni tambarare kabisa, na maji yakishaingia hayana haraka ya kutoka. Mvua hapa huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili na Mei, mpunga ukiwa shambani, mito hupasua kingo. Nilikwenda kijiji kimoja kando ya mto. Bibi mmoja alinikaribisha ndani, akanionyesha ukutani mistari mitatu ya mkaa, kila mmoja na mwaka wake, wa juu kabisa ukifika kifuani pangu. Baada ya mstari wa pili alimwamuru mwanawe ajenge msingi mpya wenye kimo cha magoti. Mbegu zake za mpunga ziko darini ndani ya ndoo zenye mifuniko, pamoja na bahasha ya plastiki yenye vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu na kadi za kliniki. Kuku wana ngazi yao ya kupanda darini, jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyoyaona juma hili.

Nilidhani nitawafundisha jambo kuhusu kipindupindu, kwa kuwa baada ya mafuriko vyoo vya shimo na visima huwa kitu kimoja. Bibi alinikatiza kwa upole. Wakati wa maji hunywa ya mvua tu, yaliyokingwa kwenye bati na kuchemshwa, na kuni za kuchemshia huwekwa darini tangu Februari. Hizo kuni ndizo ambazo nisingezikumbuka. Tunaandika “chemsheni maji” kana kwamba kuni hazilowi.

Baada ya ibada mzee wa kanisa na mtendaji walinionyesha mahali wanapokimbilia. Si shule. Shule yao iko chini na huwa ya kwanza kuingia maji, na hata ile ya kijiji jirani iliyo juu, walisema, ikigeuzwa kambi watoto hukosa masomo kwa wiki nyingi, kisha wazazi hulaumu. Wanakimbilia kanisani, kwenye kilima kidogo, na msikiti ulio ng'ambo hupokea wale wa upande ule bila mtu kuulizwa dini yake. Niliuliza lile swali langu.

Funguo za kanisa ni tatu, katika nyumba tatu. Mzee wa kanisa alinitembeza kote. Nyumba ya kwanza ni ya mjane ambaye halali nje kwa sababu anamwuguza mama yake. Ya pili ni ya fundi baiskeli aliye karibu na njia panda. Ya tatu ni ya Mwislamu, jirani wa ukuta kwa ukuta na kanisa, aliyechaguliwa, kama mtendaji alivyoeleza kwa utulivu, kwa sababu siku ya mkesha wakristo wote wanaweza kuwa mahali pamoja. Nyumba zote tatu ziko juu ya mstari wa maji, na hazifikiwi kwa njia moja.

Mitumbwi miwili ya wavuvi imeandikwa kwa ajili ya wasioweza kutembea. Kuna karatasi yenye majina 19: vipofu, wajawazito, wazee, kijana mmoja mwenye kifafa, na karibu na kila jina yupo mtu wa kumbeba. Mtendaji aliitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. Nakala ya mpango wao rasmi, aliniambia, iko ofisini, kabatini. Sikuthubutu kuuliza ufunguo wa kabati.

Jumatatu, 11 Novemba. Mto Songwe, kisha Mbeya

Asubuhi mapema nilifika mpakani Kasumulu kuutazama Mto Songwe. Mto huu huhama njia yake unapofurika, na kwa kuwa ndio mpaka, shamba huweza kulala Tanzania na kuamka likiwa upande wa Malawi. Nchi hizi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde hili, lakini nisingeweza kujifunza zaidi kwa saa moja niliyokuwa nayo.

Kutoka garini nilimpigia mwalimu mkuu wa shule yetu. Nilitegemea ubishi, na nikaupata. Alisema ana kompyuta na vitabu vipya, kwamba likipotea dawati moja yeye ndiye atakayeandika maelezo, na kwamba usiku ule wa Aprili aliumia kuliko tunavyodhani. Hayo yote ni kweli, na mpango wetu haukuwa umempa hata mstari mmoja wa kumkinga. Tulizungumza kutoka Tukuyu hadi karibu na Uyole, mtandao ukikatika kila kona. Mwishowe tulikubaliana juu ya jengo moja la madarasa mawili lenye mlango wake wa nje, mbali na ofisi. Vitu vya thamani visiwekwe humo kuanzia Desemba hadi Mei. Wenye funguo wasaini mbele ya mtendaji wa kata. Na asubuhi ya baada ya kila usiku wa dharura, mjumbe mmoja wa kamati na mwalimu wa zamu wahesabu madawati pamoja.

Alinisubiri Kabwe na ufunguo wake. Fundi wa funguo alichonga nakala tatu kwa shilingi 9,000, akaniuliza kama nafungua duka. Moja ni ya mama muuza maandazi, ambaye huamka saa tisa usiku kila siku ya Mungu, ya pili ni ya kijana wa bodaboda anayeishi nyuma ya uwanja, na ya tatu ni ya imamu.

Tulikwenda kuzijaribu kwa mwanga wa simu, mvua ya kwanza ya kweli ikiwa imeanza kupiga bati. Mbili zilifungua. Ya tatu iliingia nusu, ikagoma. Mwalimu mkuu aliishika, akaitazama, akasema jino la mwisho halijachongwa vizuri, akanirudishia. Kesho saa mbili nitakuwa Kabwe.